Kula kwa Uwiano wa 40:30:30 Bila Kuufanya Wanga Kuwa Adui

Kila ninapoeleza kwamba nimepunguza wanga, anayenisikiliza huanza kunionea huruma, kwa kuwa hudhani nimeapa kutogusa tena mkate, wali wala viazi. Vyote hivyo bado navila, ila kwa kipimo. Mpango ninaoufuata hauondoi kundi lolote la chakula; unachofanya ni kuigawa nishati ya siku katika mafungu matatu, ambapo wanga hutoa asilimia 40, protini asilimia 30 na mafuta asilimia 30. Mgawanyo huu ulipata umaarufu miaka ya 1990 kupitia Barry Sears, mwanabiokemia wa Marekani, na tangu hapo umepita katika mikono mingi kiasi kwamba wengi wanaoufuata hawajui hata ulikoanzia.

Ni mpango wa katikati, na hilo ndilo lililonivutia. Miongozo ya lishe ya Marekani inapendekeza wanga utoe kati ya asilimia 45 na 65 ya nishati ya mtu mzima, kwa hiyo asilimia 40 iko chini kidogo tu ya mpaka huo. Upande wa pili wapo wanaofuata mlo wa keto, ambao kwa kawaida hushusha wanga hadi chini ya gramu 50 kwa siku, mwili ukalazimika kutegemea ketoni, yaani nishati ambayo ini hutengeneza kutokana na mafuta, mahali pa glukosi, sukari inayotokana na wanga. Mimi sikutaka kufika huko. Nilitaka mlo ambao ningeweza kuula mezani pamoja na wengine bila kupikiwa chungu cha peke yangu.

Kinachowachanganya watu tangu mwanzo ni kwamba asilimia hizi ni za nishati, si za uzito wala za nafasi ya chakula kwenye sahani. Gramu moja ya wanga hutoa takriban kilokalori 4, gramu ya protini vilevile 4, lakini gramu ya mafuta hutoa 9. Chukua mtu anayekula kilokalori 1,500 kwa siku. Asilimia 40 ni kilokalori 600, yaani gramu 150 za wanga. Asilimia 30 ni kilokalori 450, ambazo kwa protini ni kama gramu 112, na kwa mafuta ni gramu 50 tu. Mafungu mawili ya mwisho yana asilimia ileile, lakini moja lina uzito unaozidi mara mbili ya jingine. Anayekisia kwa macho kwamba theluthi ya sahani iwe mafuta atakuwa amekula nishati ya siku nzima kabla ya jua la mchana.

Tena gramu 150 za wanga si gramu 150 za wali. Gramu 100 za wali uliopikwa zina takriban gramu 28 za wanga, kwa sababu sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Kwa hiyo siku yenye gramu 150 za wanga inaweza kubeba gramu 150 za wali mchana, vipande viwili vya mkate asubuhi, tufaha moja, gramu 150 za maharage jioni, na bado ikabaki nafasi ya mboga za majani na maziwa kidogo. Ukiiandika hivyo kwenye karatasi, huruma ya wale wasikilizaji wangu inakosa pa kushika.

Ugumu wa mpango huu uko kwenye protini. Mtu aliyezoea mlo wa kawaida wenye wanga mwingi anaweza kumaliza siku nzima akiwa na protini gramu 50 au 60, na sasa anatakiwa kuikaribia mara mbili bila kuongeza nishati. Nitatumia kifungua kinywa kama mfano, kwa kuwa ndicho mlo nilioushughulikia kwa muda mrefu kuliko mingine yote, nikiwa na mizani ya jikoni na daftari pembeni.

Vipande vitatu vya mkate, kijiko kikubwa cha jamu na kikombe cha chai chenye vijiko viwili vya sukari hufikisha wanga zaidi ya gramu 60, huku protini ikiwa gramu 8 au 9 tu. Marekebisho yanayomjia kila mtu ni kupunguza mkate hadi kipande kimoja, kuondoa jamu na sukari, kisha kuongeza mayai mawili ya kukaanga, bakuli la mtindi na tufaha dogo. Inaonekana kama kazi imekwisha. Ukipiga hesabu, hata hivyo, unakuta wanga umekaa vizuri karibu na asilimia 40, lakini mafuta yamepanda hadi asilimia 40 na ushei, na protini imebaki chini ya asilimia 20. Chanzo ni yai lenyewe: tunalihesabu kuwa chakula cha protini, nalo kweli lina gramu 6 hivi za protini, ila lina pia gramu 5 za mafuta, na kwa kuwa mafuta ni 9 kwa gramu, nishati yake nyingi hutoka kwenye mafuta.

Suluhisho halikuwa kulifukuza yai. Nilibaki na yai zima moja, nikaongeza ute mweupe wa mayai mawili, nikakaanga kwa kijiko kidogo cha mafuta, na mahali pa mtindi wa kawaida nikaweka gramu 150 za mtindi mzito uliochujwa maji, wenye mafuta kidogo na usiotiwa sukari, ambao peke yake una protini karibu gramu 15. Kipande kimoja cha mkate na tufaha dogo vikabaki palepale. Jumla ikawa wanga gramu 40, protini gramu 31 na mafuta gramu 13 na nusu, yaani kilokalori 405 hivi zilizogawanyika karibu kabisa na 40, 30 na 30. Sioni sababu ya mtu kupiga hesabu ya namna hiyo kwa kila mlo maisha yake yote, lakini kuipiga kwa milo michache anayoila mara kwa mara humfundisha mambo ambayo orodha ya vyakula vinavyoruhusiwa haiwezi kumfundisha.

Kwa milo mingine hutumia kiganja na jicho. Njia ambayo Sears mwenyewe aliieneza ni kuweka protini isiyo na mafuta mengi, yenye ukubwa na unene wa kiganja, kwenye theluthi ya sahani, kujaza theluthi mbili zilizobaki kwa mboga za majani na matunda, kisha kutia mafuta kidogo, hasa yale ya zeituni, parachichi au karanga. Katika utaratibu wake nafaka na viazi vimewekwa pembeni mno, jambo ambalo binafsi naliona ni ukali usiohitajika kwa mtu asiye na kisukari. Mimi huacha nafasi ya wanga wa nafaka au viazi usiozidi ngumi yangu, na ninaupunguza siku ambazo nimekaa kitini tangu asubuhi.

Wasiokula nyama wana kazi ngumu zaidi, na waandishi wengi wa mambo ya lishe hulipita jambo hili haraka. Maharage, dengu na jamaa zake ni chakula bora, lakini protini yake haiji peke yake: gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina protini gramu 8 au 9 pamoja na wanga gramu 22 hivi. Anayetegemea kunde tupu atafikia asilimia 40 ya wanga mapema kabla ya kuikaribia asilimia 30 ya protini. Bila mayai, mtindi uliochujwa, jibini lenye mafuta kidogo au tofu, uwiano huu hauwezekani kwa urahisi, na mtu wa namna hiyo ningemshauri aridhike na protini asilimia 20 au 25 kuliko kujitesa. Hakuna linaloharibika. Kumbuka pia kwamba katika ule wanga wa maharage mna gramu 6 au 7 za nyuzinyuzi, ambazo hazigeuki kuwa sukari ya damu kama wanga mwingine.

Hizo nyuzinyuzi ndizo zinazopotea mtu anapopunguza nafaka bila mpango. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Anayebadilisha wali kwa nyama tu, bila kuongeza mboga, ataanza kupata choo kigumu ndani ya muda mfupi na atausingizia uwiano, ilhali tatizo liko kwenye sahani isiyo na rangi ya kijani. Maji nayo yanahitajika zaidi kuliko awali.

Sasa nije kwenye swali la kwa nini uzito hupungua, kwa sababu hapa mna maelezo mengi yaliyopambwa. Sears alieleza kwamba uwiano wa wanga na protini katika kila mlo huweka insulini na glukagoni, homoni mbili zinazodhibiti sukari ya damu, katika kiwango kinachouelekeza mwili kuchoma mafuta yake wenyewe na kupunguza uvimbe wa ndani. Sehemu ya maelezo hayo ina msingi: wanga unaosagika haraka hupandisha sukari ya damu, kongosho likatoa insulini, na insulini huzuia mafuta yaliyohifadhiwa yasiachiliwe. Lakini protini nayo huchochea insulini, na mwili haukai ukisubiri asilimia ifike 40 kamili ndipo ufungue ghala la mafuta. Mimi naamini maelezo yasiyo na madoido. Protini inashibisha kuliko wanga na mafuta, na usagaji wake wenyewe hutumia asilimia 20 hadi 30 ya nishati yake, ambapo wanga hutumia asilimia 5 hadi 10 na mafuta chini ya hapo. Mtu aliyeshiba hali ovyo saa kumi jioni. Anakula kidogo bila kupigana na nafsi yake, na uzito unashuka kwa sababu hiyo.

Matokeo ya tafiti yanaelekea upande huohuo, na si ya kushangiliwa sana. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliowagawa watu 160 katika mipango minne, huu wa uwiano ukiwa mmojawapo. Baada ya mwaka mmoja makundi yote yalikuwa yamepungua wastani wa kilo 2 hadi 3 hivi, wengi walikuwa wameacha njiani, na waliopungua zaidi ni wale walioshika masharti ya mpango wao, uwe mpango upi. Mwaka 2007 jarida hilohilo lilichapisha utafiti mwingine wa wanawake 311, ambao kundi la uwiano lilipungua wastani wa kilo 1.6 tu kwa mwaka, huku kundi la wanga kidogo kabisa likipungua kilo 4.7. Kisha mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakatoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa kwa miezi 12, nusu wakipunguza mafuta na nusu wakipunguza wanga, wote wakihimizwa kula mboga kwa wingi na kuacha sukari na nafaka zilizokobolewa. Walipungua kilo 5.3 na 6.0 kwa wastani, tofauti isiyo na uzito kitaalamu, na katika kila kundi walikuwamo waliopungua sana na wengine walioongezeka.

Anayesoma takwimu hizo anaweza kuuliza kwa nini basi niendelee na uwiano huu ambao haukuwashinda wenzake. Jibu langu ni kwamba wastani wa kundi hauniambii ni mlo gani nitaweza kuuvumilia. Nilipokula mlo wenye mafuta kidogo sana nilikuwa na njaa muda wote, na mlo wa keto ungeniondolea matunda na maharage, vyakula ambavyo sina sababu yoyote ya kiafya ya kuviacha. Mgawanyo wa 40:30:30 unanipa sahani inayofanana na chakula cha watu, ikiwa na mpaka ulio wazi unaonizuia kuongeza kijiko cha tatu cha wali kwa mazoea tu.

Wiki za mwanzo zinahitaji tahadhari ya namna yake, kwa sababu mizani ya mwili husema uongo wa kupendeza. Mwili huhifadhi wanga kama glaikojeni, takriban gramu 100 kwenye ini na gramu 400 hivi kwenye misuli, na kila gramu ya glaikojeni hushikamana na gramu 3 hivi za maji. Wanga unapopungua, akiba hiyo hushuka na maji yake hutoka kwa mkojo. Kilo moja au mbili zinazoondoka haraka hivyo si mafuta, na zitarudi siku utakapokula wanga mwingi. Anayezishangilia kupita kiasi ndiye anayekata tamaa wiki ya tatu, kasi inapopungua. Kwa sababu hiyo naupa mzunguko wa kiuno uzito kuliko mizani: tepu ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula, na lengo likiwa kiuno kisichofika nusu ya urefu wa mtu.

Kwa upande wa afya, faida inayotazamiwa zaidi ni ya sukari ya damu na trigliseridi (mafuta yaliyomo kwenye damu), ambazo kwa kawaida hushuka wanga uliokobolewa na sukari vinapopungua. Hata hapo uzito wenyewe una mchango mkubwa. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba watu waliokuwa karibu kupata kisukari aina ya pili walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58 kwa kubadilisha maisha, lengo likiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Mlo wao ulikuwa wa kupunguza mafuta na nishati, wala haukuwa wa kupunguza wanga. Nautaja kwa makusudi, ili mtu asije akadhani mlango wa afya una ufunguo mmoja.

Lebo za vyakula vya dukani nazo zinadai umakini. Mtindi ulioandikwa kuwa una mafuta kidogo mara nyingi hufidiwa kwa sukari, na hapo uwiano mzima unapinduka. Mimi hugawa gramu za sukari kwa nne ili nipate idadi ya vijiko vya chai. Kopo la soda la mililita 330 lenye gramu 35 za sukari lina karibu vijiko tisa. Shirika la Afya Duniani linataka sukari za kuongezwa, pamoja na zile za asali na juisi, zisizidi asilimia 10 ya nishati, na ikiwezekana ziwe chini ya asilimia 5. Kwa mtu wa kilokalori 2,000 hiyo asilimia 5 ni gramu 25. Soda moja imeshapita.

Wapo wasiopaswa kuanza mpango huu kwa kusoma tu maandishi ya mtu kama mimi. Anayetumia insulini, au vidonge vya kisukari vya kundi la glibenklamidi na gliklazidi, akipunguza wanga huku dozi ikibaki ileile anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzimia, kwa hiyo daktari wake lazima ajue kabla, si baada. Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini bila ushauri. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto anayekua na mtu aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula hawahitaji kuhesabu asilimia; wanahitaji mtaalamu wa lishe anayewajua.

Uzito ukishapungua, kipimo cha zamani hakitoshei tena. Mwili mwepesi hutumia nishati kidogo kuliko ulivyotumia ukiwa mzito, na kilokalori zilizokuwa zikikupunguza zinaanza kukuweka palepale. Wengi hapo hulaumu wanga na kuushusha zaidi, ilhali kinachohitajika ni kupiga upya hesabu ya jumla, uwiano ukibaki kama ulivyo, na kuongeza mwendo wa miguu. Mimi kwenye hatua hiyo nilipunguza mafuta ya kupikia kwanza. Kijiko kikubwa cha mafuta kina gramu 14 hivi na karibu kilokalori 120, na kukimimina kwa kukisia kutoka kwenye chupa ni rahisi sana kugeuka vijiko viwili. Ndiyo maana mizani ya jikoni, ambayo zamani ilipima kila kitu, siku hizi naitoa kabatini kwa ajili ya vitu vitatu tu: wali uliopikwa, karanga na mafuta. Mboga za majani sizipimi kabisa.